Sehemu ya 7: Kwa nini nesi anahesabu pumzi za mwanao

  Nesi wenu nimerudi. Zamu za usiku zilinimeza wiki mbili nzima, mnisamehe.

Leo sitaanza na dawa wala dalili. Nataka niwape historia. Najua wengine mtasema, "Nesi, sisi tunataka kujua mtoto akikohoa tufanye nini, habari za zamani za nini?" Subirini kidogo. Ukishajua jambo lilikotoka, hulisahau tena.

Wiki iliyopita mama mmoja alinijia juu kweli kweli. Alileta mtoto wa miezi tisa anayekohoa. Nikamwomba ampakate, nikamfunua nguo, nikashika saa yangu nikawa naangalia tumbo na kifua. Dakika nzima, kimya. Mama akashindwa kuvumilia: "Nesi, nimekuja na mtoto mgonjwa, wewe unamkodolea macho tu! Hata kile kipimo cha masikioni hujaweka. Ndo kazi gani hii?"

Sikumkasirikia. Kwa macho yake nilikuwa sifanyi kitu. Nilipomaliza nikamwambia, "Dada, hiyo dakika moja imewagharimu watu miaka mingi kuipata, na mimi mwenyewe imenigharimu." Foleni ilikuwa ndefu, sikuweza kumweleza yote. Ninyi nawaeleza.

1. Kaka yangu niliyemkosa

Mama yangu alizaa watoto sita, tuko watano. Wa kwanza alikuwa wa kiume, alifariki akiwa na mwaka na miezi miwili, kabla mimi sijazaliwa. Aliharisha siku tatu. Siku ya kwanza bibi mmoja jirani alisema ni meno. Siku ya pili wakasema asipewe maji kwani "kinachoingia ndicho kinachotoka", ukimnyima atakauka na kuharisha kutakoma. Siku ya tatu alfajiri mama akaanza safari ya kwenda zahanati kwa miguu. Hakufika.

Mama alinisimulia mara moja tu, siku nilipopata cheti changu cha unesi. Akaniuliza, "Hivi mwanangu, ningempa maji angepona?"

Nilikuwa najua jibu, tena nilikuwa nimelifanyia mtihani. Nilishindwa kulitamka.

Mama hakuwa mjinga, na bibi yule hakuwa mchawi. Kumnyima maji mtoto anayeharisha lilikuwa wazo la wengi, na hata hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ziliwahi kuwa na desturi ya "kupumzisha tumbo" kwa kumnyima mtoto chakula. Dawa iliyoaminika ilikuwa dripu peke yake, yaani maji ya mshipani. Na dripu inataka sindano safi, chupa, mtu aliyesomea na kitanda. Watoto wengi wa dunia hii hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

2. Kambi ya wakimbizi, mwaka 1971

Kwanza tuanze na utumbo. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo dogo ambalo lilikuja kuokoa mamilioni: ndani ya utumbo, sukari na chumvi huingia mwilini zikiwa zimeshikana mikono. Chumvi ikija peke yake kwenye utumbo unaoharisha haipiti vizuri. Ikija na sukari kwa kipimo kinachofaa inapita, na maji yanaifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda nayo haifai: sukari imezidi, chumvi haipo.

Mwaka 1968 huko Dhaka, ambako leo ni Bangladesh, madaktari David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao walionyesha kuwa mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunywa mchanganyiko wa sukari na chumvi na akahitaji dripu kidogo sana kuliko zamani. Lakini hiyo ilikuwa hospitalini, chini ya macho ya wataalamu. Wengi walisema nje ya hospitali haiwezekani, watu watakosea vipimo.

Halafu ikaja vita ya 1971. Mamilioni ya watu walikimbia kuvuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari wa watoto aitwaye Dilip Mahalanabis alikuta hospitali ndogo yenye vyumba viwili, wagonjwa wamelala sakafuni juu ya matapishi na kinyesi. Ili amwekee mtu dripu ilibidi apige magoti humo humo. Na dripu zikawa zinaisha.

Akaamua. Pakiti za sukari, chumvi ya kawaida na magadi zilitengenezwa Kalkuta na kuletwa kambini. Kipimo kwa lita moja ya maji kilikuwa gramu 22 za sukari ya glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi. Walikoroga kwenye mapipa yenye bomba. Na nani aliwanywesha wagonjwa? Manesi walikuwa wachache mno. Walionywesha ni mama, dada, baba na ndugu, kila mtu na kikombe chake, anachota kwenye pipa anarudi kwa mgonjwa wake.

Katika mazingira yale vifo vilikuwa vinafika hadi watu 30 kati ya kila 100 wanaougua. Kwa wagonjwa waliokuwa chini ya timu yake, vilishuka hadi chini ya wanne kati ya 100.

Naomba hapo utulie kidogo, mama. Kazi iliyosemwa kuwa inahitaji wataalamu ilifanywa na watu kama wewe, wakiwa na vikombe mkononi. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la Lancet likaandika kuwa huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Pakiti ya ORS unayopewa leo zahanati, ile unayoitupa kabatini ukilalamika "wamenipa maji ya chumvi tu", ndiyo hiyo hiyo.

3. Chumvi kwa vidole vitatu

Pakiti ikapatikana, lakini je, vijijini ambako pakiti hazifiki? Bangladesh shirika la BRAC lilianza mwaka 1980 kutuma wanawake kutembea nyumba kwa nyumba. Hawakubeba pakiti. Walibeba somo: chumvi unayoishika kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru ya kujaa kiganja, maji nusu ya kipimo chao cha sokoni, takriban nusu lita. Mama anafundishwa ana kwa ana, halafu anakoroga mwenyewe mwalimu akiwa anaangalia.

Na hapa ndipo panaponifurahisha. Mshahara wa mwalimu ulitegemea mama anakumbuka kiasi gani. Baadaye mkaguzi alipita kwenye baadhi ya nyumba kumwuliza mama maswali. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu analipwa vizuri. Mama akisahau, kosa si la mama, ni la mwalimu. Ndani ya miaka kumi walifika kwenye nyumba zaidi ya milioni 12.

Mimi huwa najiuliza, ningelipwa kwa jinsi mama anavyokumbuka nilichomwambia, mwisho wa mwezi ningepata shilingi ngapi?

Kwa hiyo nisikukimbize. Kama nyumbani huna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko SITA vya chai vya sukari, NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kujaa mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya, usijaribu kurekebisha kwa kuongeza sukari. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole. Ziwa asiachishwe, chakula asinyimwe. Na tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Usivikatishe kwa kuwa ameacha kuharisha, vinamkinga na kuharisha kwa siku za mbele pia.

4. Dakika moja ya kuhesabu

Sasa twende kwenye kikohozi, ndiko tulikoanzia.

Nimonia imeua watoto wengi kimya kimya. Wazee wetu waliita kichomi, wengine wakasema ni kimeo, mtoto akapelekwa kukatwa kimeo. Shida yake ni hii: watoto karibu wote wanakohoa, ila wachache ndio wenye nimonia. Utawajuaje? Mjini kuna picha ya eksirei. Kijijini hakuna. Na kile kipimo cha masikioni ambacho mama yule alikitaka kinahitaji mafunzo marefu, tena wataalamu wawili wanaweza kusikiliza kifua kimoja wakatoka na majibu mawili.

Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, nchi iliyo kaskazini ya Australia, daktari wa watoto Frank Shann alifanya kazi kwenye mji wa Goroka. Nimonia ilikuwa inamaliza watoto. Yeye na wenzake walitafuta dalili ambayo mhudumu wa kijijini anaweza kuiona bila mashine. Mwaka 1984 wakaandika walichokuta: hesabu pumzi. Mtoto mwenye nimonia anapumua haraka, kwa sababu mapafu yameziba na mwili unatafuta hewa. Na ikiwa kali, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, badala ya kutanuka.

Basi. Macho na saa.

Hapa kwetu mambo hayakungoja. Miaka hiyo hiyo ya themanini, wilaya ya Bagamoyo ilikuwa moja ya sehemu za kwanza Afrika kulijaribu jambo hili vijijini. Watafiti Mtango na Neuvians waliandika matokeo yake mwaka 1986. Wahudumu wa afya wa vijiji walipita kwenye kaya, wakawaeleza akina mama dalili za nimonia, mtoto mwenye nimonia akapewa septrini pale pale, aliyezidiwa akapelekwa mbele. Vifo vya watoto wadogo vikapungua. Majaribio ya namna hiyo yalifanyika pia India, Nepal, Pakistan na kwingineko. Mwaka 1992 yalipowekwa pamoja, ilionekana kuwa njia hiyo inapunguza vifo vya walio chini ya miaka mitano kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hizi ni njia za maskini tulizoletewa, mwambie Bagamoyo ilikuwa mezani tangu mwanzo.

Namba zenyewe ni hizi, ziandike nyuma ya kadi ya kliniki. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Hesabu dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja.

Chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi, ni haraka mno. Rudia kuhesabu, ikibaki hivyo nenda hospitali.
Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi miaka 5: 40 au zaidi.

Na kifua kikibonyea ndani, usihesabu tena. Ondoka, nenda.

5. Siku ambayo sikuhesabu

Hii nimeiweka katikati kwa makusudi, ili anayesoma juu juu asiione. Ninyi mnaosoma hadi mwisho ni watu wangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, zahanati ndogo, tuko wawili. Jumatatu, foleni imetoka hadi nje chini ya mwembe. Akaja mama na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, ana homa na kikohozi. Nikapima malaria, hakuna. Nikasema mafua. Nikampa panado, nikamwambia ampe maji mengi, arudi baada ya siku mbili. Saa ilikuwa mkononi mwangu. Chati ilikuwa ukutani nyuma yangu. Sikuhesabu. Nilikuwa nimechoka na watu walikuwa wengi, basi.

Usiku saa tatu wakanigongea nyumbani. Kifua kinabonyea, pumzi 62, midomo imeanza kubadilika rangi. Nikampa dozi ya kwanza huku mikono inatetemeka, baba yake akatafuta bodaboda, mama akapanda katikati amemkumbatia, wakaenda hospitali ya wilaya. Nilibaki nimekaa kwenye ngazi hadi asubuhi.

Alipona. Alilala wodini siku sita. Waliporudi, mama yake alipita kunisalimia, akanishukuru eti kwa kufungua mlango usiku. Hakuniuliza kitu. Bora angenitukana.

Tangu siku ile nahesabu. Hata foleni ifike barabarani, nahesabu. Ndo maana nilimwambia dada yule kuwa dakika ile imenigharimu.

6. "Homa ni malaria"

Kuna jingine ambalo sisi wahudumu tulilifanya miaka mingi, tena kwa maelekezo. Sehemu zenye malaria nyingi, kila mtoto mwenye homa alihesabika kuwa na malaria na kupewa dawa. Halikuwa wazo baya kwa wakati wake. Darubini zilikuwa chache, malaria ilikuwa inaua haraka, klorokwini ilikuwa rahisi. Bora kumtibu asiye nayo kuliko kumwacha aliye nayo.

Lakini klorokwini ikachoka. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikahamia SP, nayo haikudumu, na ilipofika 2006 ikaja dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema sasa kila homa ipimwe kwanza, kwa sababu vile vipimo vya haraka vya tone la damu kidoleni vilikuwa vimepatikana.

Vipimo vikatufumbua macho. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Unajua waliokuwa na malaria ni wangapi? Karibu mmoja tu kati ya kumi. Wengi wao walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa, na mengi yalitokana na virusi ambavyo hata hizo antibiotiki tunazozipigania hazivigusi.

Kwa hiyo nesi akikwambia "hana malaria", usimwone amekunyima dawa. Amekusaidia kuendelea kutafuta. Na mimi siku ile nilikosea hapo hapo: "hana malaria" si mwisho wa safari, ni njia panda.

Tusisahau degedege. Akina mama wengi tumelelewa na neno kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga afukizwe kinyesi cha tembo au amwagiwe mkojo. Nielewe, siwacheki wazee. Waliona mtoto amechomwa sindano na akafa, waliona kwa macho yao. Ila wengi walifikishwa wakiwa wamechelewa, sindano ikabeba lawama ya saa zilizopotea. Hali kadhalika na "meno ya plastiki": mtoto anaharisha na ana homa, fizi zinachongwa kutoa meno ambayo ni meno yake mwenyewe yanayoota. Kuharisha kunabaki pale pale, na sasa ana kidonda mdomoni hawezi kunyonya.

7. Arusha, Rufiji na Morogoro

Miaka ya tisini mwanzoni hali ilikuwa hivi: kuna mradi wa kuhara wenye chati yake, mradi wa kikohozi wenye chati yake, malaria na yake, chanjo na yake, lishe na yake. Lakini mtoto haji na ugonjwa mmoja! Mtoto anakuja anakohoa, ana homa, anaharisha, amepungua uzito na hajamaliza chanjo, vyote kwa pamoja, mgongoni mwa mama mmoja.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaamua kuunganisha. Wakatengeneza njia moja ya kumwangalia mtoto mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, sisi wahudumu tunaiita IMCI. Mafunzo yake ya siku 11 yalifanyiwa majaribio Arusha mwaka 1995. Ndiyo, Arusha yetu hii. Uhabeshi walijaribu Gondar, Kenya ikafuatiliwa Siaya.

Utaratibu wake ukiujua hutashangaa tena maswali ya nesi. Kwanza dalili za hatari. Kisha: anakohoa? Anaharisha? Ana homa? Sikio linauma? Baada ya hapo uzito, weupe wa viganja, chanjo, anakula nini. Tunauliza hata kama umekuja kwa sababu nyingine, na ndiyo maana ukileta mtoto wa upele unaulizwa habari za kuharisha. Chati ina rangi tatu: ya waridi ni kumpa dozi ya kwanza na kumpeleka hospitali haraka, njano ni dawa na kurudi kuangaliwa, kijani ni huduma ya nyumbani. Kijani haina maana ya "hatujakujali". Kijani ni habari njema.

Je, ilisaidia? Hapa tena Tanzania ndiyo iliyotoa jibu. Wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilianza mapema, majirani zao Kilombero na Ulanga walikuwa bado. Watafiti, wakiongozwa na Joanna Armstrong Schellenberg, wakalinganisha. Mwanzoni vifo vya watoto vilikaribiana. Baada ya miaka miwili ya kufuatilia, kwenye wilaya zenye IMCI vilikuwa chini kwa asilimia 13. Matokeo yalitoka mwaka 2004, na gharama haikuwa kubwa kuliko huduma ya zamani. Watafiti walisema kwa tahadhari, maana tofauti hiyo ingeweza kuwa ndogo au kubwa zaidi, na wilaya zile zilikuwa pia zimeboresha usimamizi wake. Na mimi sisemi chati pekee imefanya miujiza.

Angalia taifa zima. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka mitano. Mwaka 2022 ni 43. Vyandarua vimo humo, dawa mseto imo, vitamini A imo, chanjo ya kukinga aina moja ya nimonia iliyokuja 2009 na zile za nimonia na kuharisha zilizoanza 2013 zimo. Na saa ya nesi imo.

Lakini 43 ni watoto. Darasa zima la chekechea. Bado tuna kazi.

8. Basi wewe ufanye nini

Historia yote hii inaishia mkononi mwako, kwa sababu siku zote ilianzia kwa mama. Aliyechota kwenye pipa Bangaon ni ndugu wa mgonjwa, aliyefundishwa Bagamoyo ni mama. Nesi unakutana naye dakika kumi, mtoto anaishi na wewe.

Dalili hizi nne, hata ikiwa moja tu, hata saa nane za usiku, usisubiri kupambazuke:

Hawezi kunywa wala kunyonya.
Anatapika kila kitu.
Amepata degedege.
Amelegea sana, hashtuki, au hajitambui.

Ongeza na kifua kubonyea ndani. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwili umepoa, au ananyonya kwa shida, ni wa hospitali moja kwa moja, hana muda wa kuangaliwa nyumbani.

Akina baba, hii inawahusu pia. Mara nyingi mama ameshaona dalili, anangoja baba arudi ndipo nauli itoke. Kubalianeni leo, mtoto akiwa mzima: dalili hizi zikitokea mama anaondoka, simu itapigwa njiani. Nauli ya dharura iwekwe mahali mnapopajua wote wawili.

Na ukifika, nesi akichukua chumba akakupa dawa bila kumfunua mtoto anayekohoa, mwombe kwa upole: "Nesi, naomba unihesabie pumzi zake." Hakuna atakayekuchukia. Akikukasirikia, mwambie nesi mwenzake ndiye aliyekutuma.

Nimalizie na mama yangu. Mwaka jana mjukuu wake, mtoto wa mdogo wangu, aliharisha. Nikapiga simu nyumbani nikiwa na hofu, nikiwa tayari kutoa maelekezo. Mama akanikatiza: "Nimeshakoroga, vijiko sita na nusu. Anakunywa." Nikamsikia anamwambia mtoto, "Kunywa baba, kunywa." Kaka yangu aliyefariki naye alikuwa anamwita baba.

Swali lake la siku ile ya cheti sijawahi kumjibu. Nadhani alishajijibu mwenyewe, na kila akikoroga lile jagi analijibu upya.

Sehemu ya 8 tutaongelea sikio linalotoa usaha, maana mengi mno yanatiwa mafuta ya nazi. Kabla ya hapo nina kazi moja kwako: leo mtoto akilala, shika saa, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa mzima. Ujue mwanao anapumuaje siku njema, ili siku mbaya ikija usibahatishe. Na umfundishe mama mmoja wa jirani, ana kwa ana, kama wale wa Bangladesh.

Mbaki salama. Nesi wenu.